Sababu ya Upungufu

Kila Jumanne naingia Maweni na daftari la bluu,
kisahani cha bati na kijiko.
Vidonge navihesabu kwa mgongo wa kijiko,
viwili viwili, kama achambuaye kunde.
Mkono hauvigusi. Ndiyo kanuni.

Wiki ya kwanza, kwa Mbeyu muuza viazi karai,
kilipungua kimoja.
"Chengo alimeza viwili siku moja?"
"La. Kimoja nilikionja mimi.
Mama gani humpa mwana asichokionja?"
"Kikoje?"
"Utamu wa mbali. Kama unga wa muhogo."
Kwenye fomu, penye *Sababu ya upungufu*,
niliandika: *kimepotea*.

Damu ya Chengo ni ya mundu.
Niliiona kwa darubini, hospitalini Malindi:
badala ya duara, visu vilivyopinda,
vimekwama mshipani
kama mwenye mzigo wa kuni kichochoroni.
Daktari Mwachiro alieleza taratibu:
mzazi aliyerithi nusu ya kasoro hii, malaria kali humkwepa;
mtoto aliyepewa nusu mbili
hulilipa deni la wote wawili.
Mbeyu alisikiliza, akafuta mafuta mikononi.
"Kumbe kilichoniokoa mimi
ndicho kilichomla Nyevu."
Nyevu alikuwa dadake Chengo.
Hakufika miaka minne.

Kidonge kinachojaribiwa, daktari alisema,
huikumbusha damu ilivyokuwa tumboni,
kabla ya pumzi ya kwanza,
ilipokuwa haijajua kupinda.
Lakini nusu ya watoto wanameza kitupu,
na nani anameza nini
sijui mimi, hajui daktari,
yajua kompyuta moja iliyofungwa, hata sijui wapi.

Miezi kumi na minane.
Niliandika usiku wa maumivu: Januari sita, Februari mbili.
Machi hakuna. Aprili hakuna.
Chengo alikimbia mpaka Barani kutazama mpira,
akarudi na goti lililochubuka,
na mamake akalionyesha goti hilo mtaa mzima
kama cheti.
"Dawa yenu," aliniambia, "Mungu aibariki."
Juni alilazwa siku tisa.
Mbeyu hakuacha kuamini.
Nami niliamini. Haikuwa kazi yangu kuamini.

Matokeo yalisomwa ukumbini, feni ikilia.
Dawa imefaa: maumivu yamepungua kwa nusu,
vitanda vimepumua. Makofi.
Kisha kila mzazi akapewa bahasha.
Ya Mbeyu niliisoma mimi, miwani yake ilikuwa imevunjika.
Kitupu.
Miezi kumi na minane ya wanga na sukari.

Hakulia. Aliikunja karatasi
kama akunjavyo gazeti la kufungia viazi,
akaniuliza jambo ambalo daftari langu halina safu yake:
"Machi na Aprili, basi,
alimpa nani?"

Nilitaka kumwambia kwamba bila watoto kama Chengo
tusingejua lolote.
Ni kweli.
Kweli hiyo ilinikaa mdomoni kama mchanga ndani ya wali.
Sikumwambia.

Sasa Chengo anameza chenyewe.
"Hiki usionje," nilimwonya mamake. "Kina nguvu,
si cha mtu mzima asiyeumwa."
Aliitikia kwa kichwa, macho kwenye karai.

Jumanne hii nimehesabu mara mbili.
Kimoja hakipo.
Sikuuliza. Ni yeye aliyesema, akigeuza viazi,
bila kuniangalia:
"Hiki kichungu."

Penye *Sababu ya upungufu*
nimeandika: *mama*.